Mara Tatu kwa Kila Upande

Kabla sijamsema mtu mwingine, nijiseme mwenyewe. Nina ulimi mbaya. Mama aliniambia nikiwa mdogo kwamba mdomo wangu utakuja kuniumbua, nami nikamjibu, kwa mdomo huohuo, kwamba yeye ndiye aliyenirithisha. Siku ile nililala bila chakula, na sikujifunza kitu.

Ninayetaka kumweleza hapa ni kaka yake mama, mjomba wangu wa damu. Kazini walimwita Mzee Mkanda, na jina hilo hakulipata bure, nitalieleza. Tulifanya kazi chumba kimoja kwa miaka sita, na kazi yenyewe aliniombea yeye. Nilipomaliza chuo na vyeti vyangu vikiwa kwenye bahasha, nilizunguka miezi tisa bila kuajiriwa, mpaka yeye alipoingia ofisini kwa mkuu akasema ana mpwa wake anayejua hesabu. Hilo nilikumbuke kwanza, maana ndilo nililolisahau siku ya siku.

Kazi yetu ni kuangusha vitu. Ukitengeneza redio, mita ya umeme au taa ya pikipiki, kabla hujaiuza unatuletea sisi tuipe misukosuko, tuone kama itafika kwa mnunuzi ikiwa nzima. Lakini si kuangusha ovyo kama mtoto anavyoangusha kikombe. Kuna meza nene ya chuma inayopanda na kushuka kwenye nguzo mbili. Kitu kinafungwa juu yake kwa bolti, king'ora kinalia, meza inaachiwa, inatua kwenye mipira migumu iliyo chini. Mezani tumebandika kihisi, kidude kama punje ya hindi chenye waya mwembamba, na kompyuta inachora kilima. Urefu wa kilima ndio nguvu ya mshtuko, upana wake ndio muda uliochukua. Kila kitu kina pande sita, na kanuni yetu ni mara tatu kwa kila upande. Mara mbili haitoshi hata kama umechoka. Mjomba alikuwa akisema ya kwanza kitu kinashangaa, ya pili kinajikaza, ya tatu ndiyo inayosema kweli.

Yeye hakusomea. Aliingia pale akiwa seremala wa makreti, kijana wa watu mwenye nyundo na penseli sikioni. Fundi wa mashine alipougua wakamwambia ashike spana kwa muda, na huo muda ukawa miaka thelathini na moja. Miaka kumi ya mwanzo hapakuwa na vifaa vya kuziba masikio. Alijitilia pamba, na pamba ikiisha alijitilia karatasi ya mfuko wa saruji. Kila siku vishindo mia, mia na hamsini. Hakuna aliyehesabu vinakwenda wapi.

Basi, mkanda. Mjomba alijua kimo cha meza kwa mwili wake. Kwa mshtuko wa hamsini, yaani nguvu mara hamsini ya uzito wa kitu, ambao ndio tunaoupima mara nyingi, meza ikipanda ikafika kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda wake, hapo ndipo. Angesimama kando ya nguzo, ajivute suruali vizuri, atazame, aseme haya, achia. Kilima kikija kwenye kompyuta kilikuwa hamsini, au hamsini na moja. Wenzetu walimtania kwamba siku akiota kitambi maabara itafungwa. Mimi nilicheka pamoja nao, ila moyoni nikimwonea aibu kidogo. Msomi mimi, na mjomba wangu anapima kwa suruali.

Masikio yake niliyagundua nyumbani kwake, Jumapili moja. Alikuwa uani anapiga randa ubao, nikamsalimu kutoka nyuma. Shikamoo mjomba. Kimya. Nikarudia, kimya. Mke wake akatoka jikoni na unga mikononi, akamgusa bega, naye mjomba akageuka akanipokea kwa furaha kama kwamba ndiyo kwanza nimefika. Walitazamana wale wawili, nikaelewa. Mjomba akanikalisha kwenye kigoda cha jikoni. Yeye nami huitana mjomba, kama desturi ya wajomba na wapwa.

"Mjomba," aliniambia, "haya ni ya humu ndani."

Alisoma midomo. King'ora hakukisikia miaka miwili sasa, aliitazama taa nyekundu inayowaka pamoja nacho. Simu alipokea mke wake. Kanuni ya kazini inasema asiyesikia king'ora hakai kwenye chumba cha mashine, na kwake ilikuwa imebaki chini ya miaka miwili kabla ya kustaafu. Alitaka kitu kimoja tu, amalizie palepale, kando ya meza yake. Wakimtoa watampeleka stoo, alisema, akae na maboksi na yeye awe boksi. Nikamwapia kwamba kwangu limeingia kaburini. Na kweli, tangu siku ile nikawa namsaidia: mtu akimwita kwa nyuma, mimi nagonga meza kwa kidole, anahisi, anageuka. Mwaka mzima tuliishi hivyo na hakuna aliyejua.

Kisha mimi nikapandishwa cheo. Msimamizi wa mashine, juu ya mjomba wangu. Alinipa mkono mbele ya watu, akaniita bosi, na hakuna hata chembe ya kinyongo usoni mwake. Mimi ndiye ambaye kile cheo kilinikaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Mwezi uleule akaja mama mmoja mwenye karakana. Alikuwa ametengeneza pampu ndogo ya kuendesha dripu ndani ya gari la wagonjwa, yeye na mafundi wake wanne, miaka mitatu ya kujaribu. Alizileta tatu, amezifunga kwenye taulo kama vichanga. Kipimo chetu kikipita, hospitali zinanunua. Kisipopita, arudi nyumbani akaanze upya. Alikaa kwenye benchi nje ya kioo, mikono mapajani, na mkuu wa maabara mwenyewe akaja kusimama nyuma yangu aone msimamizi mpya anavyofanya kazi.

Nikaanza kutafuta kimo kwa meza tupu. Ilipofika kwenye mkanda wa mjomba, nikaachia: kompyuta ikasema thelathini na tano. Nikapandisha. Arobaini. Nikapandisha tena, mpaka meza ikawa kifuani kwa mjomba, ndipo ikasoma hamsini. Nikaona sawa, mipira imechakaa. Tukafunga pampu ya kwanza, tukaangusha. Mjomba alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo kama kawaida yake. Akakitoa haraka, akakitazama.

Alinijia karibu, kwa heshima, akaniambia polepole kwamba hapo pana kasoro. Meza iko juu mno na kishindo ni kikubwa mno. Nikamwambia mipira imelegea. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwenye kompyuta: mipira ikilegea, kilima hutanuka, na hiki upana wake ni uleule wa siku zote. Alikuwa na haki. Jambo hilo mimi nililisoma darasani na kulijibia mtihani, naye alilijua kwa kutazama. Lakini mkuu alikuwa nyuma yangu anasikia, na mimi nilihisi masikio yangu yanawaka. Nikamwambia tuendelee. Tukaendelea, na kwenye upande wa nne, mara ya pili, kishikio cha betri ya pampu kikapasuka. Yule mama akainuka kutoka kwenye benchi lake.

Mjomba akasema tena, safari hii kwa sauti. Alisema mashine isimame, kipimo hiki si halali.

Sasa hapa ndipo mahali ambapo nikipakumbuka nikiwa naoga, natoa sauti peke yangu bafuni. Waswahili wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Niligeuka, nikamtazama, nikachagua maneno.

"Wewe hata king'ora husikii," nikamwambia, "utanifundisha mimi kishindo?"

Chumba kizima kilisikia. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni, kwa hiyo na yeye alilipata neno kwa neno. Aliinamisha macho kwenye mikono yake. Na mkuu, kutoka nyuma ya mjomba, akauliza, "Mzee, ni kweli?" Mjomba hakugeuka. Mkuu akauliza tena. Kidole changu kilikuwa palepale juu ya meza, ningeweza kugonga, na sikugonga. Nilisimama namtazama mjomba wangu anavyoulizwa swali asilolisikia mbele ya wote, mpaka mkuu akaacha kuuliza. Jibu alikuwa ameshalipata.

Wiki ile wakampeleka kwa daktari, daktari akaandika alichoandika, na Jumatatu iliyofuata Mzee Mkanda alikuwa stoo anabandika lebo kwenye maboksi. Mama mwenye karakana alizifunga pampu zake kwenye taulo lilelile akaondoka na ripoti yangu, imeandikwa vizuri, imepigwa mhuri. Pampu haikufaulu.

Nyumbani kwa mjomba hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza. Nilikwenda Jumapili, mke wake akanikaribisha sebuleni, akanipa kiti chenye mto, akaniletea chai kwenye trei yenye kitambaa. Mimi, niliyezoea kukaa kwenye kigoda cha jikoni na kujichotea mwenyewe! Nilikunywa chai ile ya mgeni, nikaaga kama mgeni, na njiani nikawa nawakasirikia wao. Ndivyo mtu mwenye kosa alivyo, hutafuta wa kumwangushia.

Wiki ya tatu, kile kihisi chetu cha zamani kikarudi. Tulikuwa tumekipeleka kuhakikiwa, na mahali pake mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka cha akiba. Nikafungua faili nihifadhi cheti chake, na chini yake kikawapo cheti cha kile cha akiba. Kila kihisi kina namba yake ya wepesi wa kuhisi, kama mtu na alama za vidole, na namba ile lazima uiandike kwenye kompyuta, la sivyo inasoma uongo. Cha zamani, kumi. Cha akiba, saba. Nikafungua kompyuta. Kumi. Nilibadilisha kihisi, sikubadilisha namba.

Maana yake kompyuta iliposema hamsini, mezani palikuwa na zaidi ya sabini. Pampu za yule mama nilizipiga kwa kipigo ambacho hakuna gari la wagonjwa lingezipa, kisha nikaandika kwamba ni dhaifu. Na mkanda wa mjomba ulikuwa mahali pake. Mkanda ule, na kiganja kile kwenye nguzo, vilisema kweli kuliko mimi, vyeti vyangu na kompyuta yangu.

Ningependa kusema nilikimbia moja kwa moja ofisini. Sikukimbia. Nilibadilisha namba, nikafunga faili, nikakaa nalo siku mbili. Hakuna ambaye angejua. Siku ya pili nilikwenda stoo. Mjomba alikuwa amenipa mgongo, anabandika lebo, anazinyoosha kwa kidole gumba zisiwe na mikunjo. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote: kihisi, namba, kwamba alikuwa na haki, kwamba anisamehe. Nilizungumza vizuri sana. Nilipomaliza aliendelea kubandika, kisha akageuka kuchukua boksi jingine, akashtuka kuniona. Akaniuliza kama nimefuata maboksi. Nikasema ndiyo, nikachukua mawili, nikaondoka nayo. Mimi niliyejua kuliko wote kwamba mgongo wake hausikii, niliuchagua mgongo.

Mchana wa siku ileile simu ikalia. Ni mama mwenye karakana, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Aliniomba ushauri. Amejaribu kuongeza unene wa kile kishikio, pampu imekuwa nzito, haishikiki tena mkononi mwa muuguzi. Amemwachisha kazi fundi wake mmoja. Aniulize mimi mtaalamu, aongeze wapi. Akaniita mtaalamu, jamani. Nikamwambia asiongeze popote, asikate chochote, nitampigia. Nikatoka na vile vyeti viwili mkononi mpaka kwa mkuu, na kabla sijakaa nikaanza kusema, maana ningekaa nisingesema.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alisema kipimo kitarudiwa bila malipo, ripoti ile itafutwa, na mimi nitapewa barua ya onyo, na nilistahili. Nikamuuliza je, mjomba? Akavua miwani. Akasema ripoti ataifuta, lakini cheti cha daktari hawezi kukifuta. Mtu asiyesikia king'ora hawezi kurudi chumba kile, na hata yeye akitaka, kanuni haitaki. Nikamwambia lakini asingepelekwa kwa daktari kama si mimi. Akasema, "Hilo unalijua wewe."

Nikaomba kitu kimoja. Siku ya kurudia kipimo, mjomba awepo, asimame nje ya kioo na wengine. Hapo akakubali.

Siku ile mama mwenye karakana alikuja na pampu tatu mpya za muundo uleule wa kwanza. Mafundi wote wa maabara walikuja kuangalia, maana habari ilishasambaa. Mjomba alisimama nje ya kioo, amevaa koti la stoo, na mkanda wake ule. Nikapandisha meza, na safari hii sikuitazama kompyuta, nilimtazama yeye kupitia kioo. Meza ilipofika usawa wa bizimu, akanyanyua kidole. Nikaachia. Hamsini na moja.

Tukafanya zote kumi na nane kwa kila pampu. Mimi mwenyewe nilifungua na kufunga bolti, pande zote sita, jasho linanichuruzika. Pampu ya kwanza ilipita. Ya pili, ya tatu, zilipita. Mama mwenye karakana aliwasha moja, ikaanza kusukuma maji tone kwa tone kwenye kikombe, naye akakaa pale anayatazama matone, analia kimyakimya.

Nikatoka nje ya kioo. Mashine ya upepo inayoinua meza ilikuwa bado inanguruma, watu wanapongezana. Nikasimama mbele ya mjomba, mbele si nyuma, nikamwambia kwamba siku ile nilimkosea, kwamba yeye alisema kweli na mimi nilitoa siri ya nyumbani kwake mbele za watu ili nionekane mkubwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida.

Mjomba akainamisha kichwa kidogo, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Umesemaje?"

Watu wa karibu wakageuka. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Sasa na wale wa mbali wakageuka. Mkuu akaiacha kalamu yake. Mjomba alinitazama mdomoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

"Umesemaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya maabara ni ya zege. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikasema kwamba mimi nilimdhalilisha mjomba wangu. Nikasema kosa lilikuwa langu, namba ilikuwa yangu, na kwamba aliniona nakosea akanionya kwa adabu, nami nikamlipa kwa kumtajia masikio aliyoyapoteza kwenye kazi hiihii. Nililia huku napiga kelele, kamasi, kila kitu. Mashine ya upepo ilikuwa imeshazimwa, na sauti yangu ilifika mpaka mapokezi.

Mjomba akashusha mkono kutoka sikioni. Akavuta suruali yake vizuri, kama anavyofanya kila mara kabla ya kusema achia.

"Tatu," alisema. "Upande huu umetosha, mjomba. Bado pande tano."

Akageuka akarudi stoo, maana gari la maboksi lilikuwa limefika.

Jumapili nilianzia kwa mke wake. Sikusubiri sebuleni, nilipitia uani nikaingia jikoni, nikakuta kigoda changu kimewekewa ndoo juu yake. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia yote, bila kujikinga. Mke wa mjomba masikio yake ni mazima kabisa, anasikia maziwa yanapotaka kuchemka akiwa chumba cha tatu. Nilipomaliza aliendelea kukata vitunguu, hakuinua macho.

"Umesemaje?" akauliza.

Nikarudia.